Kopo Letu, Fundi wa Nani?

Hakuna nyumba katika nchi hii isiyokuwa na kopo. Maziwa ya mtoto huja katika kopo, rangi ya ukuta huja katika kopo, na bia ya harusini pia. Mama muuza mchele apima kwa kopo, mkulima apima mahindi yake kwa debe. Na kopo likiisha kazi yake ya kwanza, fundi wa Gerezani hulikata akalifanya kibatari, na mtoto akaokota linalobaki akalifanya gari la kuchezea. Ni kitu tukijuacho sana. Lakini ni wangapi kati yetu waliokwisha kujiuliza: kopo hili limetengenezwa na nani, na huyo aliyelitengeneza anaishije, na kesho yake ni nini?

Majuzi tulisimama penye lango la kiwanda kimoja cha makopo wakati wa kubadilishana zamu, tukazungumza na vijana waliokuwa wakitoka kazini. Mmoja wao, aliyemaliza kidato cha nne, alitueleza kwamba kwa miaka 5 amekuwa akilisha presi ya kukatia vifuniko. Bati linaingia, vifuniko vinatoka, jua linakuchwa. Tukamwuliza: Mashine ikikwama wafanyaje? Akajibu: "Nabonyeza kitufe chekundu, namwita fundi." Na fundi akishindwa? "Twangoja." Akatuambia kwamba safari moja walingoja siku 4, maana aliyeweza kuutengeneza mtambo ule ilibidi aletwe kwa ndege kutoka ng'ambo. Na siku hizo 4 vibarua walirudishwa makwao bila ujira.

Ndugu wasomaji, habari hiyo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu juma hili. Kijana ana nguvu, ana elimu, ana miaka 5 mbele ya mashine ile ile, na bado haruhusiwi kuifungua. Hilo si jambo la kijana mmoja, ni jambo la taifa.

Wako watu wadhanio kwamba kazi ya makopo ni kazi isiyotaka akili. Wanakosea. Kopo la chakula hutengenezwa kwa karatasi ya chuma ambayo unene wake ni kama robo ya milimita au chini ya hapo, iliyopakwa bati kidogo sana isipate kutu. Karatasi hiyo hupakwa rangi ya kuikinga, hukaushwa tanuruni, huchapwa maandishi, hukatwa, hukunjwa, kisha huungwa ubavuni kwa umeme. Zamani iliungwa kwa risasi, mpaka ulimwengu ukatambua kwamba risasi ni sumu. Mwisho hufungwa kitako na kifuniko, na hapo ndipo penye siri ya kazi. Ukingo wa kifuniko na ukingo wa kopo hukunjwa pamoja vikashikana kama vidole vya mikono miwili. Mshono huo ukilegea kidogo tu, vijidudu hupenya, na mlaji aweza kufa kwa sumu asiyoiona wala kuinusa. Kwa hiyo katika kila zamu huwapo mtu wa kuchukua makopo machache, kuyakata, na kupima mshono wake. Jina lake halikuchapwa juu ya kopo, lakini yeye ndiye mlinzi wa meza yako.

Kopo la bia na soda ni jingine. Hilo ni la aluminiamu, hukandamizwa likawa kikombe, kisha ubavu wake huvutwa hata unene wake ukawa kama sehemu ya kumi ya milimita. Mtambo mmoja wa kisasa waweza kutoa makopo zaidi ya 2,000 kwa dakika moja. Kalibu ikilika kidogo, maelfu ya makopo huharibika kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Basi kazi hii yataka jicho, yataka sikio, yataka hesabu.

Na kwa kuwa ni kazi ya maarifa, ina ngazi. Chini yuko mlisha mashine. Juu yake yuko mwendesha mtambo, kisha mkaguzi, kisha fundi wa mitambo, kisha yule fundi wa kuchonga kalibu ambaye ndiye moyo wa kiwanda, na baada yake msimamizi na mhandisi. Sisi hatulalamiki kwamba kuna ngazi. Twauliza tu: nani anapewa nafasi ya kuipanda?

Swali hili si geni. Kampuni ya Metal Box ya Uingereza, ambayo chanzo chake ni kuunganishwa kwa watengenezaji wa makopo mwaka 1921, ilikuwa na viwanda Afrika Mashariki, Thika na Dar es Salaam. Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alikuja kukumbusha baadaye, nchi nzima ilikuwa na wahandisi 2 tu waliofunzwa. Nani basi angeweza kushika bisibisi ya mzungu? Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitangaza kuingia katika hisa za makampuni kadhaa ya viwanda, na Tanganyika Metal Box ilikuwa mojawapo. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia.

Lakini hisa ni karatasi. Katika makampuni mengi ya namna hiyo uendeshaji uliachwa kwa mkataba mikononi mwa wale wale wa zamani, kwa sababu moja tu: wao ndio waliojua. Mwenye karatasi alikuwa mwananchi, mwenye ufunguo alikuwa mgeni. Na tazameni yaliyotokea huko huko ng'ambo. Metal Box yenyewe iliungana na Carnaud ya Ufaransa mwaka 1989, na mwaka 1996 wote wakanunuliwa na Crown ya Marekani. Majina ya wenye mali hubadilika kama upepo wa msimu. Kisichobadilika ni kwamba mtambo hutii mkono unaoujua. Kwa hiyo twasema wazi: taifa linaloshika hisa bila kushika ufundi limeshika mkia wa ng'ombe, wakati maziwa yanakamuliwa na mwingine.

Haifai kusema kwamba hakuna kilichofanyika. Chuo cha ufundi cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1957 ndicho leo DIT. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu kilifunguliwa mwaka 1973, na mwaka huo huo SIDO ikaundwa kusaidia viwanda vidogo. VETA ilikuja kwa sheria ya mwaka 1994. Siku hizi haiwezekani tena mtu kusema kwamba Mwafrika aliyesoma ufundi haonekani. Wanaonekana, na wengi wao wanazunguka na vyeti mfukoni. Mlango wa shule umepanuliwa, lakini mlango wa karakana ya kiwanda bado ni mwembamba.

Wenye viwanda wanayo majibu yao, nasi tumeyasikia. Wanasema: "Tukimfundisha kijana, atakimbilia kwa jirani." Twawajibu hivi. Mtu hukimbia mahali asipothaminiwa. Kijana aliyefanywa kibarua wa siku moja moja kwa miaka 5 ana deni gani la uaminifu? Neno lenyewe kibarua lilitokana na kile kijibarua alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, kazi ikiisha naye kwisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikutungwa ili mtu awe wa kutwa mpaka aote mvi. Tena waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ufundi. Ikiwa fedha zimekwisha kutoka mfukoni, kwa nini wasidai vijana wao wafundishwe kwa fedha hizo?

Na gharama ya kutofundisha nayo ihesabiwe. Nauli ya ndege ya fundi mgeni, hoteli yake, siku 4 za mtambo uliolala, na oda iliyocheleweshwa: jumlisheni, kisha mtuambie kama kumsomesha kijana mmoja kungezidi hapo.

Katika lango lile tulimkuta pia mzee mmoja, fundi wa mashine za kufungia vifuniko. Wenzake walituambia kwamba mzee huyu husikiliza mtambo kwa sikio kama daktari asikilizavyo kifua, akasema ni roda gani iliyolegea, na asikosee. Tulimwuliza: "Mzee wetu, umemrithisha nani?" Akatikisa kichwa. Alisema hakuna aliyewahi kumpangia mwanafunzi, naye mwaka huu anastaafu. Wasomaji, elimu ya miaka zaidi ya 30 itatoka langoni pale siku moja jioni, na fulana ya kazi, na saa ya ukutani ya zawadi. Kesho yake kiwanda kitapiga simu ng'ambo.

Basi twadai nini? Hatudai mbingu. Kwanza, kila kiwanda cha makopo kiandike ngazi ya kazi yake na kuibandika ukutani, ili mlisha mashine ajue masomo gani na majaribio gani yatamfikisha kwenye karakana. Pili, kila fundi mkubwa, awe mwananchi au mgeni, apewe vijana wawili wa kujifunza kwake, na mkataba wa mgeni usiongezwe kama hakuacha mwanafunzi. Tatu, dada zetu, ambao mara nyingi huwekwa kwenye kuchagua na kupanga makopo tu, nao wafunguliwe mlango wa karakana. Kalibu haijui kama mkono ulioishika ni wa mume au wa mke. Nne, sheria ifuatwe. Saa za kawaida ni 45 kwa juma, za ziada zilipwe mara moja na nusu, na zamu ya usiku iwe na nyongeza yake. Presi iwe na kinga ya vidole, na masikio ya watu yalindwe na kelele. Anayeumia kazini anayo haki katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nao huchangiwa na mwajiri, si na mshahara wa mfanyakazi. Asije mtu akadanganywa kwamba kidole chake ni bahati mbaya yake mwenyewe.

Na kwa wafanyakazi twasema neno pia, maana rafiki wa kweli hasifu tu. Usingoje kuitwa. Mtambo ukifunguliwa, sogea, tazama, uliza, andika katika daftari. Anayelala kwenye masanduku wakati fundi anafanya kazi asije akalia kwamba hakufundishwa. Kupima mshono vibaya kwa uvivu ni kuhatarisha uhai wa mtoto wa mwenzako. Heshima ya mfanyakazi ni kazi yake kwanza, na haki yake ikasimama juu ya heshima hiyo.

Tusijisahau na sisi wenyewe wa chama. Ni mara ngapi viongozi wetu wamefika viwandani wakati wa kura tu, wakavaa kofia ya plastiki, wakapigwa picha, wakaondoka? Tawi lililo karibu na kiwanda lisilojua ni vijana wangapi wanafundishwa ndani yake, hilo ni tawi la kukusanya kadi tu. Twaagiza matawi yetu yote yenye viwanda jirani: kabla ya mkutano wa mwezi ujao, nendeni mkazungumze na wafanyakazi na chama chao. Waulizeni wasimamizi kwa adabu, lakini waulizeni. Mtuletee hesabu: mafundi wangapi, wanafunzi wangapi, vibarua wa zaidi ya mwaka wangapi. Nasi tutaichapa hapa.

Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma. Kelele za uchumi wa viwanda zikipigwa na watu wasiojua kufungua mashine zao wenyewe, hizo ni kelele za debe tupu. Tulijaze debe letu kwa ufundi. Siku yule kijana wa langoni atakapoufungua mtambo uliokwama, akautengeneza, na zamu ikaendelea bila mtu kukosa ujira wake, siku hiyo ndipo tutakapolishika kopo tukasema bila kuona haya: hili ni letu.