Upepo wa Lamu Hautakumezea Vidonge

Ukiishi Nairobi kwa miaka ishirini, ukiamshwa alfajiri na honi za matatu na kurudi nyumbani usiku ukiwa hoi, si ajabu ukautamani mji mdogo wa pwani wenye utulivu. Wagonjwa wangu wengi wanaokaribia kustaafu huniuliza swali moja: "Daktari, nikihamia Lamu, presha hii haitaniondoka?"

Sitawacheka, kwani wanachokitamani kina faida. Mji wa Kale wa Lamu, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, una vichochoro visivyopitika kwa gari. Mizigo hubebwa na punda na mikokoteni. Ikumbukwe kwamba kelele za magari si kero ya masikio pekee. Usiku mwili hushtuka hata kama hukuamka, moyo ukaenda mbio na shinikizo la damu likapanda. Mwaka 2018, ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza kelele za barabarani usiku zisizidi desibeli 45. Mkazi wa kando ya barabara kuu jijini anajua yuko mbali kiasi gani na utulivu huo.

Faida ya pili ni miguu. Shirika hilo hilo linataka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Mahali ambapo sokoni, msikitini na kwa jirani huendwa kwa miguu, dakika hizo hutimia bila mtu kujua. Tena kuna baraza. Mzee anayeketi nje kila jioni akasalimiwa na wapitao hapati nafasi ya kuzama katika upweke, na upweke nao ni mzigo kwa moyo.

Lakini hapa ndipo penye mtego. Joto la pwani hutanua mishipa ya damu, na presha inaweza kushuka kidogo. Mgeni hujipima, akaona nambari nzuri, akasema amepona. Vidonge akavitupa kabatini. Hajapona! Presha ya kawaida haina dalili, na ikipanda tena hutajua mpaka kiharusi kikuangushe. Kama unatumia vidonge vinavyokojoza, joto linaweza kukukausha maji ukapata kizunguzungu. Basi umwone daktari akupangie kipimo upya, usijipangie mwenyewe. Na wewe mwenye kisukari, halua ni halua hata ukiila mbele ya bahari.

Jambo lingine ni umbali. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo huhitaji kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kichwa kupigwa picha. Lamu ni kisiwa. Mgonjwa anayepelekwa Mombasa huvushwa kwanza kwa mashua hadi Mokowe, kisha asafiri zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, au apelekwe Manda kupanda ndege. Kwa hivyo, anayeacha vidonge huko anacheza na hatari kubwa kuliko anayeviacha Nairobi.

Usisahau mbu pia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na aliyezoea huko hana kinga ya malaria. Lala ndani ya chandarua chenye dawa, na ukipata homa, upimwe siku hiyo hiyo.

Maoni yangu ni haya: nenda, lakini usihamie kwa pupa. Kabla ya kuuza nyumba, kakae huko mwezi mzima, tena wakati wa joto kali la Februari au Machi. Uliza dawa zako zinapatikana wapi, nani atakupima presha, na ukizidiwa usiku nani ana mashua. Ukipata majibu, funga mizigo, na vidonge uvitie juu kabisa mwa mkoba.

Na wewe usiyeweza kuhama, usikate tamaa. Shuka matatu vituo viwili kabla ya nyumbani, na mjulie hali jirani yako. Hayo hayahitaji bahari.