Pumu Isiyotulia: Majibu Hasi ya Kifua Kikuu Yasiwe Mwisho wa Uchunguzi

Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Ndiyo maana mtu anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi huhimizwa kupima makohozi, na utaratibu huo umeokoa maisha ya wengi. Swali linalostahili kutazamwa sasa ni lile linalofuata: mgonjwa wa pumu anayekohoa kwa miezi, picha yake ya kifua ikionesha madoa, lakini makohozi hayana vimelea vya kifua kikuu, anaugua nini?

Kwa baadhi ya wagonjwa hao, jibu ni mzio wa mapafu unaotokana na vimelea vya fangasi aina ya aspergilasi. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza na madaktari wa Uingereza mwaka 1952, na makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionesha kuwa takriban watu wazima milioni 4.8 duniani wanao. Vimelea hivyo huishi kwenye udongo, mboji, majani yanayooza, kuta zenye unyevu na nafaka iliyoota ukungu. Kila mtu huvivuta pamoja na hewa bila kudhurika. Kwa baadhi ya wenye pumu, hata hivyo, hukua ndani ya ute wa njia za hewa na mwili huvipinga kupita kiasi. Ugonjwa huu hauambukizwi kutoka mtu mmoja kwenda mwingine.

Dalili zake zinatambulika. Pumu iliyokuwa imetulia huanza kusumbua ingawa mgonjwa anatumia dawa ya kuvuta kwa usahihi. Hukohoa makohozi mazito, wakati mwingine yenye vipande vigumu vya rangi ya kahawia, au yenye damu. Homa na kupungua uzito huweza kufuata. Picha za kifua zilizopigwa kwa nyakati tofauti huonesha madoa yanayohama kutoka sehemu moja ya pafu hadi nyingine.

Kufanana huko na kifua kikuu ndiko kunakoleta hatari. Mgonjwa aweza kumeza dawa za kifua kikuu kwa miezi sita bila sababu, huku njia zake za hewa zikitanuka na kuharibika kwa namna isiyorekebishika.

Kipimo cha msingi ni cha damu, kinachopima kingamwili aina ya IgE. Hapa mazingira ya nchi za joto yanadai uangalifu, kwa kuwa minyoo nayo hupandisha kiwango cha jumla cha kingamwili hiyo. Kiwango kikubwa pekee, basi, hakitoshi. Ni lazima kupima pia IgE inayolenga aspergilasi yenyewe. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2024 unataka kipimo hicho mahususi kiwe angalau 0.35, pamoja na kiwango cha jumla cha uniti 500 au zaidi kwa mililita. CT-Scan, ambayo Serikali imeifunga katika hospitali za rufaa za mikoa, huonesha njia za hewa zilizotanuka.

Tiba ipo. Madaktari hutumia prednisoloni au itrakonazoli, kwa kawaida kwa miezi kadhaa. Mpangilio wa hatua ni muhimu: prednisoloni hudhoofisha kinga, hivyo kifua kikuu hakina budi kuchunguzwa kwanza, nayo rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, hupunguza sana nguvu ya itrakonazoli. Kumpa mgonjwa dawa zote kwa kubahatisha si usalama.

Kwa hiyo, kuutambua ugonjwa huu hakupingani na mapambano dhidi ya kifua kikuu, bali kunayakamilisha. Zahanati haihitaji mashine mpya ili kuanza. Inahitaji mhudumu anayeuliza kuhusu historia ya pumu na kumpa mgonjwa rufaa mapema. Mgonjwa naye ana wajibu wa kutoacha dawa zake, kutonunua vidonge vya prednisoloni bila ushauri wa daktari, na kuhifadhi picha za kifua za zamani. Picha hizo, zikilinganishwa na mpya, ndizo zinazoweza kumwonesha daktari kwamba madoa yamehama.