Mwalimu Ni Kazi, Si Pasipoti

Miongoni mwa ajira zinazowavutia vijana wa ulimwengu wa leo ni ile ya kwenda kusomesha lugha katika nchi za watu. Japani, Korea ya Kusini na Uchina zimekuwa zikiwapokea maelfu ya wageni kwa kazi ya kusomesha Kiingereza. Wengi wetu huku visiwani tukiisikia habari hiyo hudhani kwamba ni riziki isiyo na jasho: mshahara mnono, nyumba ya kukaa, na heshima ya wenyeji. Lakini wazee wetu walikwisha kusema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Leo tunakusudia kuufungua mlango huo. Hatufanyi hivyo kwa kupenda kuchungulia ya wenzetu. Tunafanya hivyo kwa sababu sisi nasi tunazungumza kila siku juu ya kupeleka walimu wa Kiswahili nje, na haifai tuingie katika safari hiyo tukiwa macho tumefumba.

Tuanze na yaliyo mema, kwani haki haina upande. Mwaka 1987 Serikali ya Japani ilianzisha mpango uitwao JET, ambao katika mwaka wake wa kwanza ulichukua vijana 848 kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Hivi leo mpango huo una washiriki zaidi ya 5,000, na nchi wanazotoka zimeongezeka sana. Wengi wao huwekwa katika skuli za Serikali kuwa wasaidizi wa walimu wa Kijapani, mijini na mashamba, hata katika visiwa kama vile Goto na Tsushima katika mkoa wa Nagasaki. Mshahara wao umepangwa kwa kanuni ijulikanayo, na mkataba wao ni wa mwaka mmoja mmoja, unaoweza kuendelezwa hadi kufikia miaka mitano.

Mtu wa kisiwani hahitaji kuelezwa maana ya mgeni kukaa katika kijiji cha wavuvi na kuwajua watoto kwa majina. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la ardhi na mawimbi ya tsunami yalipoipiga pwani ya kaskazini mashariki ya Japani, walimu wawili Wamarekani wa mpango huo walipoteza maisha, mmoja katika mji wa Ishinomaki na mwingine Rikuzentakata. Walikufa pamoja na watu waliokuwa wakiishi nao. Hapana aliyeweza kusema tena kwamba hao walikuwa wapita njia.

Hata hivyo, si kila mgeni anayesomesha Japani yumo katika mpango huo. Halmashauri nyingi za elimu hutoa kazi hiyo kwa zabuni kwa makampuni ya binafsi, na kampuni yenye bei ya chini ndiyo mara nyingi hushinda. Hapo ndipo bei ya chini inapogeuka kuwa mshahara wa chini. Kwa miaka mingi walimu wengi wa makampuni hayo walikuwa wakiandikiwa saa zinazopungua kidogo tu 30 kwa wiki, ili mwajiri asilazimike kuwachangia katika bima ya afya na pensheni ya wafanyakazi. Mwezi wa likizo ya skuli mshahara hupunguzwa au hukatika. Tena, pale ambapo mwalimu amekodishwa kwa mkataba wa kandarasi, sheria haimruhusu mwalimu mwenyeji kumpa maagizo ya moja kwa moja, kwa kuwa mgeni huyo ni mtumishi wa kampuni, si wa skuli. Walimu wawili husimama mbele ya watoto wale wale, na sheria ikawazuia kupangiana kazi. Anayekula hasara ni mtoto.

Mfano mkubwa zaidi ni wa kampuni ya Nova, ambayo ilikuwa kubwa kuliko zote katika biashara ya kusomesha Kiingereza nchini Japani. Mwezi Juni 2007 Serikali iliiadhibu kampuni hiyo kwa namna ilivyowatendea wateja wake, na mwezi Oktoba mwaka huo huo ikaanguka. Walimu wageni wapatao elfu nne wakabaki bila ya kulipwa, na wanafunzi zaidi ya laki tatu, waliokwisha kulipia masomo, wakabaki bila ya walimu. Wako walimu waliotakiwa kuhama majumbani mwao, kwa sababu kampuni ilikuwa ikiwakata kodi ya nyumba katika mshahara pasi na kuifikisha kwa wenye nyumba. Wengine walisomesha kwa malipo ya chakula. Hawa ndio wale tuliokuwa tukiambiwa kwamba wanaishi kama wafalme.

Katika Korea ya Kusini sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika katika skuli za binafsi za masomo ya ziada, ziitwazo hagwon, ambako watoto huenda baada ya kutoka skuli ya kawaida. Mgeni hupewa viza iliyofungamana na mwajiri mmoja. Akitaka kuhama kabla ya mkataba kwisha, kwa kawaida huhitaji barua ya kuachiliwa kutoka kwa mwajiri yule yule anayemkimbia. Mara nyingi hata nyumba anayolala imetolewa na mwajiri huyo. Sheria ya nchi hiyo humpa mfanyakazi aliyetimiza mwaka kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa mwezi mmoja, na miongoni mwa malalamiko yaliyozoeleka ni ya walimu kufukuzwa katika mwezi wa kumi na moja. Hatusemi kwamba kila mwenye skuli ni dhalimu. Tunasema kwamba pale kazi, nyumba na ruhusa ya kukaa nchini vinaposhikwa na mkono mmoja, uadilifu huwa ni hisani ya mwajiri, wala si haki ya mfanyakazi.

Nao wananchi wa nchi hizo huwaonaje wageni hawa? Hapa tunaona maajabu mawili yakikaa pamoja. Mgeni husifiwa na kushukiwa kwa wakati mmoja. Picha yake hubandikwa katika matangazo ya skuli ili wazee wavutike kulipa ada, na wakati huo huo wazee hao hao hunong'ona kwamba hana elimu ya ualimu na kwamba huenda tabia yake si njema. Mwezi Oktoba 2007 alikamatwa Thailand Mkanada mmoja aliyewahi kusomesha Korea, kwa makosa ya kuwadhulumu watoto. Hasira ya wananchi ilikuwa ya haki. Lakini hatua zilizofuata hazikuishia katika kuchunguza kumbukumbu za makosa ya jinai, jambo ambalo kila mzazi angeliunga mkono. Walimu wa kigeni walitakiwa pia kupimwa dawa za kulevya na virusi vya UKIMWI, ilhali walimu Wakorea, na hata wageni wenye asili ya Kikorea, hawakutakiwa kupimwa.

Mwalimu mmoja mwanamke kutoka New Zealand alikataa kupimwa tena mwaka 2009, na mkataba wake haukuendelezwa. Aliipeleka kadhia yake mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondosha Ubaguzi wa Rangi, na mwezi Mei 2015 Kamati hiyo ikaamua kwamba haki zake zilivunjwa. Mwaka 2017 Serikali ya Korea ililiondosha sharti hilo. Ilichukua karibu miaka kumi kuondosha amri iliyowekwa katika wiki chache za ghadhabu. Hili ni funzo kwa kila Serikali, na yetu ikiwemo.

Uchina nayo ilitoa funzo la namna nyengine. Mwezi Julai 2021 Serikali ya huko ilipiga marufuku biashara ya faida katika masomo ya ziada ya skuli, na ikakataza kutumia walimu walioko nje ya nchi kuwasomesha watoto kwa njia ya mtandao. Kila Serikali ina haki ya kupanga elimu ya watoto wake. Lakini walimu chungu nzima, waliokuwa wakisomesha kutoka majumbani mwao huko Marekani, Ufilipino na kwengineko, walijikuta hawana kazi, na hawakuwa na mahakama wala chama cha kukimbilia.

Msomaji atauliza: shina la matatizo haya ni nini? Kwa maoni yetu, shina lake ni kwamba katika biashara hii mwalimu amepimwa kwa pasipoti yake badala ya kazi yake. Kwa kawaida viza ya Korea ya kusomesha Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika ya Kusini. Kijana wa nchi hizo mwenye shahada ya somo lolote, iwe ya kilimo au ya muziki, aweza kukubaliwa. Mkenya, Mganda au Mtanzania aliyesomea ualimu wa Kiingereza chuo kikuu, na akausomesha miaka kumi, hukataliwa kwa sababu ya jalada la pasipoti yake. Yeye amedhulumiwa waziwazi. Lakini hata yule aliyekubaliwa amedhulumiwa kwa siri, kwani aliyeajiriwa kwa sababu ya uso wake hubadilishwa kwa uso mwengine siku yoyote. Asiyethaminiwa kwa ujuzi hana cha kudai.

Hapa ndipo yanapotufikia sisi. Kiswahili husomeshwa Seoul, Osaka na Beijing, na vyuo vikuu vingi vya Ulaya na Marekani. Afrika ya Kusini ilitangaza mwaka 2018 kwamba itakiingiza katika skuli zake kuwa somo la hiari. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Nasi wa visiwani tuna fahari ya pekee, kwani lahaja ya Unguja ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Fahari hiyo ni halali yetu. Lakini tuna khofu isije ikatulevya hata tukatenda kosa lile lile tunalolilaumu, tukadhani kwamba kuzaliwa Mji Mkongwe au Chake Chake ni cheti cha ualimu. Kuijua lugha ni jambo moja, na kumsomesha asiyeijua ni jambo jengine. Tukipeleka watu wasiofunzwa, wenyeji wao watawaona kama Wakorea walivyowaona baadhi ya vijana wa Kiingereza, na doa hilo litaipata lugha yenyewe.

Kwa hivyo tunatoa rai kwa Serikali na wote wanaohusika. Kwanza, anayepelekwa nje kwa jina la nchi awe ni mwalimu aliyefunzwa na kupasi, kutoka popote nchini atokapo. Pili, mkataba wake usomwe na kufasiriwa kwa Kiswahili kabla hajapanda ndege, ukieleza mshahara, saa za kazi, nyumba, matibabu, na nani atakayelipa nauli ya kurudi iwapo mwajiri ataanguka. Tatu, mawakala wa ajira hizi waandikishwe na wachunguzwe, na balozi zetu ziwe na orodha ya walimu wetu na mahali walipo. Nne, tuwatazame walimu wageni waliomo katika skuli zetu wenyewe. Tusiwapambe kwa rangi zao wala tusiwashuku kwa rangi hizo. Tuwaulize swali lile lile tunalomuuliza mwalimu mwananchi: watoto wamejifunza nini?

Vijana wetu watakwenda, na ni haki yao kwenda. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba kila anayeondoka Malindi au Kisauni ana ujuzi kichwani na mkataba wa haki mkononi, ili siku mambo yakiharibika ugenini asibaki akisubiri huruma ya mtu.