Leseni mpya, mlima uleule: nani anamwangalia dereva mgeni Bukoba–Muleba?

Kijana akitoka na leseni yake mpya ya gari mjini Bukoba, sheria inamhesabu sawa na mzee aliyeshika usukani miaka 30. Jioni hiyohiyo anaweza kuazima Noah ya shemeji, akapakia ndugu na mikungu ya ndizi, akashika njia ya Muleba mvua ikinyesha. Trafiki akimsimamisha Kemondo na kukuta kila kitu kiko sawa, atampungia mkono tu.

Wiki chache nyuma mambo yalikuwa tofauti. Alikuwa na leseni ya kujifunzia, ile ambayo wengi wanaiita "lena", daraja H. Gari lilibeba kibao cha L na pembeni yake alikaa mwenye leseni kamili. Akafaulu mtihani wa polisi wa usalama barabarani, TRA ikampa leseni. Kibao kikang'olewa, mwalimu akashuka.

Kwenye basi, sheria haina haraka hivyo. Anayetaka daraja C, la magari ya abiria 30 na zaidi, lazima kwanza akae miaka mitatu na C1 au E. Kwa hiyo umuhimu wa uzoefu unajulikana. Ila abiria aliyelipa nauli analindwa kuliko shangazi aliyepewa lifti.

Na barabara yenyewe haibembelezi. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ukishaiacha Rwamishenye kuelekea Muhutwe kuna vilima, kona na watu wanaotembea pembeni gizani. Kuzungushwa mjini mchana hakumwandai mtu kwa hayo.

Wenzetu wamejaribu njia mbili. Ireland ya Kaskazini humfungia dereva mpya kibao cha R kwa mwaka mmoja, na hatakiwi kuzidi kilomita 72 hivi kwa saa. Uingereza, kwa sheria ya 1995, dereva mpya akifikisha pointi sita za makosa ndani ya miaka miwili anapoteza leseni na kurudi kuwa mwanafunzi.

Kibao hapa kwetu kingeweza kugeuka sababu nyingine tu ya kusimamishwa njiani, na wasafiri wanajua mazungumzo ya hapo huishia wapi. Njia ya pointi ina nafuu, ila inataka kosa liandikwe kwa mtu. Leo anayetaka kujua kama kuna deni la faini, kawaida anaingiza namba ya gari. Noah ya shemeji itadaiwa, shemeji atalipa, na kijana ataazima gari lingine.

Bodaboda ndiyo ngumu zaidi. Mwanafunzi wa gari ana mwalimu pembeni. Wa pikipiki anajifunza akiwa peke yake, na wengi huanza kubeba abiria kabla ya darasa lolote. Bajeti ya 2021 ilishusha faini ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Kwa kijana wa Kamachumu ilikuwa ahueni ya kweli. Lakini kozi, leseni na nauli za kufuatilia vinazidi hiyo 10,000 mara kadhaa, na hesabu hiyo anaifanya kila asubuhi kabla ya kuwasha pikipiki.