Makala ya Uzamiaji Runingani: Nani Husema, na kwa Lugha ya Nani?

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hunijia kila nitazamapo makala ya runinga ya aina ambayo katika insha hii nitayaita makala ya uzamiaji. Ninakusudia yale ambayo mwandishi wa habari haketi studioni kusoma yaliyoandikwa na wengine, bali hufunga safari, akaingia vitani, mitaani, magerezani na vijijini, akala na wenyeji na kulala kwao, kisha akatusimulia habari na utamaduni wa ulimwengu kutoka pale pale aliposimama. Mgeni huja, hilo halina shaka. Linalonishughulisha ni iwapo mwenyeji hupona.

Si azma yangu kuyabeza makala haya. Mimi mwenyewe ni mmoja wa watazamaji wake, na yamenifunza mengi ambayo taarifa ya habari ya dakika mbili isingeweza kunifunza. Hata hivyo, naona tumezoea kuyapima kwa mizani isiyofaa. Twasifu ujasiri wa mwandishi, twasifu ubora wa picha, twasifu hatari aliyoikabili. Kwa maoni yangu, kipimo cha kwanza kingepaswa kuwa lugha: je, aliyezama aliyasikia maneno ya watu aliowazamia, na maneno hayo yalitufikia yakiwa mazima? Nikishikilia hoja hii, sina budi kuongeza kwamba wajibu mkubwa unatuangukia sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili.

Tuchukue mfano uliovuma kuliko mingine yote. Kampuni ya Vice ilianza mwaka wa 1994 kama jarida dogo mjini Montreal, nchini Kanada. Aprili 2013 mfululizo wake wa makala, uliobeba jina hilo hilo, ulianza kuonyeshwa na kituo cha HBO nchini Marekani, na mwaka uliofuata ukatunukiwa tuzo ya Emmy. Mtindo wake ulikuwa mpya machoni pa wengi. Mwandishi alikuwa kijana, hakuvaa tai, alikiri hofu yake mbele ya kamera na kuzungumza na mtazamaji kana kwamba wameketi barazani. Mwaka wa 2015 mfululizo huo uliandamana na Rais Barack Obama hadi gereza la El Reno, Oklahoma, alipokuwa rais wa kwanza wa Marekani aliye madarakani kuzuru gereza la serikali kuu. Kampuni iliendelea kukua hata mwaka wa 2017 ikakadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 5.7. Lakini ngoma ivumayo haidumu. HBO iliuachilia mfululizo huo mwaka wa 2019, ukahamia Showtime mwaka wa 2020, na Mei 2023 kampuni yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Kampuni imeanguka, mtindo iliouasisi au kuueneza haujaanguka. Leo kila kijana mwenye simu na kijiti cha kuishikia huiga sauti ile na mwendo ule. Ndiyo maana yafaa tuuchunguze.

Hebu tulinganishe kazi tatu za kampuni hiyo. Ya kwanza ni safari ya Korea Kaskazini ya Februari 2013, ambapo mchezaji wa zamani wa mpira wa vikapu, Dennis Rodman, alipelekwa Pyongyang pamoja na wachezaji watatu wa Harlem Globetrotters, wakacheza mbele ya kiongozi wa nchi hiyo, Kim Jong Un. Picha zilikuwa za ajabu na ulimwengu mzima ulizizungumzia. Hata hivyo, wageni wale walitembezwa na wenyeji wa serikali, wakaonyeshwa waliyoandaliwa kuonyeshwa. Mtazamaji alimaliza akiwa amemjua Rodman zaidi kuliko alivyomjua mkazi yeyote wa Pyongyang.

Ya pili ni kazi ya mwaka wa 2014 ambapo Medyan Dairieh, mwandishi azungumzaye Kiarabu, aliingia Raqqa, Syria, miongoni mwa wapiganaji wa kundi lililojiita Dola la Kiislamu. Ya tatu ni ile ya Agosti 2017 ambapo Elle Reeve wa kipindi cha Vice News Tonight aliwafuata wabaguzi wa rangi walioandamana mjini Charlottesville, Virginia. Katika kazi hizi mbili, mwandishi hakuhitaji mkalimani. Aliuliza, akajibiwa, akasikia hata lile lililosemwa kando. Wabaguzi wa Charlottesville walihukumiwa na vinywa vyao wenyewe, kwa sababu aliyewasikiliza alizijua kejeli zao, mafumbo yao na mahali walipopunguza sauti. Kwa hivyo, kazi bora za uzamiaji hazikuwa zile zilizokwenda mbali zaidi. Zilikuwa zile ambazo mzamiaji aliijua lugha ya maji aliyoingia.

Inafaa hapa tulitafakari neno lenyewe. Katika Kiswahili, mzamiaji ni yule anayepiga mbizi baharini, lakini pia ni yule anayejificha melini na kwenda ng'ambo bila nauli wala hati. Aidha, husemwa mtu amezamia arusi pale anapoingia bila mwaliko na kujipakulia pilau. Lugha yetu imeiona hatari ambayo istilahi ya kigeni haikuiona: mtu anaweza kuzama ndani ya maisha ya wengine akaleta lulu, na anaweza kuzamia karamu isiyo yake, akala, akanawa, akaondoka.

Nayasema haya nikiwa si mtazamaji tu. Miaka michache iliyopita, nikiwa likizoni nyumbani Mombasa, niliajiriwa kwa siku tatu kuwa mkalimani wa wageni waliokuwa wakitengeneza makala kuhusu vijana waliopotea. Sitawataja, na wala sina nia ya kuwalaumu, kwani sehemu kubwa ya kosa nitakalolieleza ilikuwa yangu. Tulimtembelea mama mmoja ambaye mwanawe hakuwa ameonekana kwa zaidi ya mwaka mmoja. Alitukaribisha kwa chai ya tangawizi na mahamri. Alipoulizwa kilichompata kijana wake, alinyamaza, akatazama mlango, kisha akasema: "Alichukuliwa."

Neno moja tu. Nami, kwa kuwa nilijua lililosemwa mtaani, na kwa kuwa nilitaka wageni waelewe upesi, nikatafsiri kwamba polisi walimchukua. Mwandishi aliandika. Baadaye maneno hayo yakatokea chini ya uso wa yule mama kana kwamba ni yeye aliyeyatamka. Alipoulizwa kama ana matumaini, alijibu kwamba ya Mungu ni mengi. Hilo nalo nililigeuza kuwa kauli ya mtu aliyekata tamaa, ilhali kila aliyelelewa Pwani anajua kwamba mara nyingi maneno hayo ni njia ya heshima ya kuyafunga mazungumzo.

Makala yalipoonyeshwa, watu asiowajua walifika nyumbani kwake wakimuuliza ni nani aliyempa ushahidi wa kuwataja polisi. Kwa miezi kadhaa alihamia kwa jamaa zake Kwale. Nilimfuata huko kumwomba radhi. Hakunigombeza. Alinikaribisha, akaniuliza habari za masomo, kisha akasema: "Mwanangu, mimi nilisema alichukuliwa. Nani aliyekwambia umtaje aliyemchukua?"

Tangu siku hiyo sijaweza kuisoma kauli ya kutendwa kama nilivyoisoma darasani. Tulifundishwa kwamba kiambishi -w- humwondoa mtenda katika nafasi ya kiima na kumpandisha mtendwa. Tulitunga sentensi, tukapata alama, tukasonga mbele. Hatukuambiwa kwamba mtu anaweza kukitumia kiambishi hicho kama ngao. Yule mama hakukosa neno. Alilichagua. Alijua mtenda ni nani, alijua nasi twamjua, na akatumia sarufi ya lugha yake kusema ukweli wote aliokuwa radhi kuusema bila kujitia hatarini. Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, niliivunja ngao hiyo kwa sentensi moja ya Kiingereza.

Huenda msomaji akapinga kwamba kazi ya mwandishi wa habari ni kufichua, na kwamba tukiwaacha watu wajifiche nyuma ya sarufi, waovu watanusurika. Pingamizi hili lina uzito na sitalipuuza. Jibu langu ni kwamba kumtaja mtenda ni jukumu la mwandishi, alitekeleze kwa ushahidi wake na kwa jina lake. Asimtwike mama wa watu mzigo huo kupitia maandishi ya tafsiri. Ikiwa anao ushahidi, na aseme yeye. Akiwa hana, basi "alichukuliwa" ndiyo habari yenyewe, na kunyamaza kwa mama yule baada ya neno hilo ni sehemu ya habari. Mtazamaji angeambiwa hivyo, angeielewa hofu ya mtaa ule kuliko alivyoielewa.

Wapo pia watakaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba makala ya namna hii, ama kwa uchache wa istilahi ama kwa udogo wa soko. Dai hili lilijibiwa zamani hapa hapa nchini. Kipindi cha Jicho Pevu cha runinga ya KTN, kilichoongozwa na Mohammed Ali, kiliendesha uchunguzi mzito kwa Kiswahili, na Wakenya wakaacha shughuli zao kukitazama. Hakuna aliyelalamika kwamba lugha imepwaya. Kuhusu soko, UNESCO, iliyoitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani kwa azimio la mwaka wa 2021, hukadiria kwamba wazungumzaji wa lugha hii wanazidi milioni 200. Mtu anayefuata mkondo wa madini kutoka mashariki mwa Kongo hadi bandari za Dar es Salaam na Mombasa angeweza kuwahoji wachimbaji, madereva na makuli kwa lugha moja, ingawa lahaja zingetofautiana. Ni waandishi wangapi wa kigeni wanaoweza kusema hivyo? Hata hivyo, kila tunapotaka kuusimulia ulimwengu kwa urefu na kina, twakimbilia Kiingereza, na Kiswahili twakiachia taarifa ya saa moja jioni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi twataka cha mvunguni na bado twasimama wima.

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, idara zetu za Kiswahili zifundishe tafsiri ya runinga kama taaluma kamili yenye mazoezi na maadili yake. Mstari wa maandishi chini ya picha hukaa machoni pa mtazamaji kwa sekunde chache tu, na kubana kauli ya mtu katika nafasi hiyo bila kumsaliti ni kazi ngumu isiyopungua tafsiri ya shairi. Pili, wakalimani na wenyeji wanaowaongoza wageni watajwe katika orodha ya watengenezaji, isipokuwa pale usalama wao unapozuia, na wapewe nafasi ya kuyapitia maandishi ya tafsiri kabla ya makala kuonyeshwa. Lau ningepewa nafasi hiyo, labda ningelala na kuamka nikiwa nimelitambua kosa langu. Tatu, tuanze wenyewe. Vyama vya wanafunzi vina vijana wenye simu zinazopiga picha safi, wenye lugha, wenye jamaa katika kila kaunti. Kinachokosekana ni azma. Tutengeneze makala ya dakika kumi kuhusu wavuvi, wahudumu wa bodaboda, waganga, mabaharia waliozeeka. Tuyajadili katika makongamano yetu kwa makini yale yale tunayoyatumia kuchambua riwaya.

Sidai kwamba mwenyeji hakosei. Mimi nilikuwa mwenyeji, nikakosea. Kuijua lugha si kinga ya kutosha. Hudai pia kusikiliza, subira na kumwogopea yule anayezungumza. Lakini asiyeijua lugha kabisa hawezi hata kujua kwamba amekosea. Wageni wale waliondoka Mombasa wakiamini wamefanya kazi njema, na hadi leo, nadhani, hawajui lililompata yule mama.

Yeye amerejea nyumbani kwake. Mwanawe hajarejea. Nilipomwomba ruhusa ya kukisimulia kisa hiki katika jarida letu, alifikiri kwa muda, kisha akanikubalia kwa sharti moja: nilitumie neno lake kama alivyolitamka. Nami nalirudisha hapa, likiwa zima. Alichukuliwa.