NCHI NA WATU: Mchanga wa Shela na Maji ya Lamu

Visiwa vya Lamu vimo katika pwani ya kaskazini ya Kenya, karibu na mpaka wa Somalia. Vilivyo vikubwa ni vitatu, navyo ni Lamu, Manda na Pate. Mgeni ajaye kwa ndege hutua Manda, kisha huvuka kwa mashua mpaka mji wa Lamu. Mji huo ni wa kale, wenye nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi, na njia nyembamba ambamo mizigo huchukuliwa na punda. Mwaka 2001 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, na watalii hutoka nchi za mbali ili kuutazama.

Wengi wao hawakosi kufika Shela, mwendo wa kilomita 3 hivi kutoka mjini. Hapo pana ufuko mrefu, na nyuma yake vilima vya mchanga. Mpita njia huviona kuwa ni pambo tu, au kiwanja kinachongoja mjenzi. Kumbe vilima hivyo ndivyo birika la mji. Mvua inyeshapo huzama mchangani, na maji hayo matamu, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya bahari, hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini. Visima vya Shela ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Yakitekwa kupita kiasi, chumvi hupanda kutoka chini. Na nyumba zikijengwa juu ya mchanga na vyoo vikachimbwa, uchafu hushuka kutoka juu.

Funzo la jambo hili haliko mbali. Ng'ambo, katika kisiwa cha Manda, yako magofu ya Takwa, ambayo wageni huyafikia kwa mashua maji yajaapo, wakipita katikati ya mikoko. Takwa ulikuwa mji wenye ukuta, msikiti wa Ijumaa na kaburi lenye nguzo ndefu. Ulistawi tangu karne ya 15 hadi ya 17, kisha ukahamwa. Katika sababu zinazotajwa na wachunguzi wa mambo ya kale, moja ni ugomvi na Pate, na nyingine ni visima kugeuka chumvi. Watu wa Shela huhesabu asili yao kuwa ni Takwa, na mara mbili kwa mwaka huvuka kwenda penye kaburi hilo kuomba mvua.

Basi auzaye kiwanja, ajengaye nyumba ya wageni, na karani atiaye sahihi hati ya ardhi, yafaa waikumbuke safari hiyo. Fedha ya mtalii ni neema, maana huwapatia riziki manahodha, maseremala na wenye punda. Lakini mtalii huja kuutazama mji wenye watu, na watu hukaa penye maji. Wazee husema kwamba maji yakimwagika hayazoleki; na kisima kikishashika chumvi, ni vivyo hivyo.