Staa Kala Sushi, Bili Kamwachia Mhudumu!

Mjini kuna mambo, ila hili la Ijumaa limepitiliza. Staa mmoja wa kike, jina kapuni, kaingia na wapambe wake wanne kwenye mgahawa mdogo wa Kijapani na Kikorea hapa Dar. Kala, kanywa, kapiga picha mpaka simu ikaisha chaji. Bili ya laki mbili na themanini ilipotua mezani, katoa jibu moja tu: "Si nimeshawaposti?"

Kachukua pochi, kaondoka. Mhudumu kabaki na karatasi mkononi.

Sasa timu yake imeshaanza kumtetea, eti staa halipi, staa analipwa. Kha! Basi hesabu ipigwe taratibu, maana walioumia hapa hawana timu ya kuwatetea.

Mgahawa wenyewe una meza sita. Sita tu! Staa na kundi lake walichukua mbili wakaziunganisha, wakasimamisha taa yao ya duara katikati ya njia ya wahudumu, wakakaa kuanzia saa moja mpaka saa nne usiku. Tena Ijumaa, siku ya watu kula bata. Wateja waliokuja na hela zao walisimama mlangoni, wakachungulia, wakageuza. Mmoja wao ni kaka aliyemleta mchumba wake kula bethidei, na alijipanga mwezi mzima. Hasara hiyo haionekani kwenye bili, lakini ipo.

Njoo kwenye chakula sasa. Staa kaposti meza iliyojaa vibakuli: kimchi, mchicha, figili, chipukizi za maharage. Kaandika eti "nimeagiza kila kitu". Hakuagiza! Kwa Wakorea vile vibakuli vinaitwa banchan. Vinakuja vyenyewe na chakula ulichoagiza, na vikiisha unaomba unaongezewa. Ndo ukarimu wao wa mezani, kama kachumbari na pilipili zinavyokuja na mishkaki. Yeye kaongezewa mara tano, kavipiga picha kama utajiri wake, halafu hata kile alichoagiza kweli hakukilipia.

Na kimchi sio kabichi ya kukatakata dakika mbili. Kabichi ya Kichina inalowekwa kwenye chumvi, inaoshwa, inapakwa jani kwa jani mchanganyiko wa pilipili, kitunguu saumu na tangawizi, kisha inaachwa ichache. Kule Korea Kusini familia na majirani hukusanyika kuiandaa kwa wingi kabla ya msimu wa baridi. Shughuli hiyo inaitwa kimjang, na UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2013. Staa wa Bongo kaonja, kabinua mdomo mbele ya kamera, kasema "hii kabichi imeoza". Imechacha, shosti, haijaoza. Togwa nayo imechacha, mbona wanakunywa?

Kwenye sushi ndo kabisa. Kabeba bonge la wasabi, kalitupia mdomoni zima zima apate kontenti. Machozi yakamtoka, wapishi wakatukanwa. Kisha kalalamika vijiti vinamtesa, wakati hakuna aliyemlazimisha. Hata Japani kwenyewe sushi kuliwa kwa mkono ni kawaida. Ile ya tonge la wali wa siki lenye kipande cha samaki juu ilipata umaarufu karne ya 19 kwenye vibanda vya mtaani vya Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Yaani ilikuwa chipsi mayai ya watu wa kule, chakula cha mtu mwenye haraka na njaa yake. Na hata wale wa vibandani walikuwa wanalipa.

Lakini yote hayo yangesameheka kama si ile video ya tatu, aliyosema kalishwa "samaki mbichi wa kuharisha". Hapo kafanya uharibifu. Samaki wa kuliwa mbichi ana utaratibu wake. Mwongozo wa FDA ya Marekani, kwa mfano, unataka samaki wa aina nyingi wagandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba ili minyoo ife. Mgahawa huu una friza ya kazi hiyo, inatafuna umeme usiku na mchana. Na laiki hazinunui luku.

Staa mwenyewe hakuharisha. Kesho yake mchana alikuwa beach anakula ngisi. Ila chini ya video yake watu ambao hawajawahi hata kupita mtaa ule wanaapa hawatakanyaga pale. Hiyo ndo promo anayodai alipwe?

Wanaomtetea wanasema promo inaleta wateja. Sawa, inaweza kuleta. Kutangaza biashara ni kazi halali na ina bei yake, hakuna anayebisha. Ila kazi inakubaliwa kabla, sio baada ya kushiba. Fundi rangi hapaki nyumba ya mtu usiku bila kuitwa, halafu asubuhi akagonga mlango kudai hela. Mgahawa ule haukumpigia simu, haukumwandikia, haukumwalika. Kaja mwenyewe kama mteja, na mteja ana jina moja tu: anayelipa.

Halafu wafuasi wenyewe ni akina nani? Wengi wako Mwanza, Mbeya, Mombasa, wanaangalia video kwa bando la usiku. Watacheka, watagonga laiki, watalala. Hakuna atakayepanda basi kuja Dar kula bibimbap. Muuza samaki wa Feri anataka hela yake asubuhi. Mwenye nyumba anataka kodi. TRA nayo haijawahi kupokea posti badala ya pesa.

Na mwenye mgahawa naye asijifiche nyuma ya mapazia. Habari za ndani zinasema keshamwambia mhudumu kuwa hela ile itakatwa kwenye mshahara wake, "ili siku nyingine awe makini". Makini na nini? Amkabe staa mlangoni? Bili ile ni zaidi ya nusu ya mshahara wa dada yule. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu bosi kukata mshahara kufidia hasara hivi hivi tu. Hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, mfanyakazi mwenyewe awe amekubali kwa maandishi, na apewe nafasi ya kupinga. Hata hayo yote yakitimia, makato hayaruhusiwi kuzidi robo ya mshahara. Kosa la dada yule ni lipi? Kuongeza vibakuli mara tano huku anatabasamu?

Bosi alikuwepo kaunta, kamwona staa anatoka, kaogopa kuposti vibaya zaidi. Woga ni wake, basi hasara nayo iwe yake mpaka atakapomfuata mdaiwa. Kumrushia mtu wa chini mzigo kwa sababu wa juu anaogopeka ni tabia ya mjini iliyozoeleka, na ndo inayowapa mastaa kiburi. Wanajua kuna mtu atalipa. Hawajiulizi ni nani.

Kama tatizo lilikuwa keshi, lipa namba imebandikwa kaunta na mlangoni, maandishi makubwa kuliko menyu. Staa kapita mbele yake mara mbili, kuingia na kutoka, tena kwenye video yake inaonekana nyuma ya bega.

Na hela anayo. Jumamosi jioni kaposti wigi jipya la milioni moja na laki mbili. Muuza mawigi wa mjini hatoi mzigo mpaka hela isome kwenye simu, kila mtu anamjua. Staa kalipa yote bila kona kona, na kaonyesha mpaka risiti.

Kumbe risiti anazijua.

Laki mbili na themanini tu, dada. Mwisho wa mwezi unakaribia, na mhudumu bado anasubiri.